Mke akienda kufundisha ng'ambo, mume huenda kufanya nini?

WANAWAKE wengi wa Kenya wamefunga mizigo na kumfuata mume aliyepelekwa mbali kikazi, wala hakuna aliyewauliza wanakwenda kufanya nini huko. Mwanamume akifanya hivyo, hata kwa wiki nane tu, ukoo mzima huita kikao. Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Katikati ya mwaka wa 2023 nilimfuata mke wangu kisiwani Unguja, ambako alikuwa ameajiriwa kuwafundisha Kiswahili wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani.

Huenda msomaji asiijue kazi ya aina hii, kwa hivyo niieleze kwanza. Vyuo vikuu vya Marekani hufungwa mwezi wa Mei na kufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Katika likizo hiyo ndefu ya kiangazi, vingi huwapeleka wanafunzi nchi za nje kusoma. Wanaojifunza Kihispania huenda Hispania au Mexico, wa Kifaransa huenda Ufaransa au Senegal, na wa Kiswahili huja kwetu, aghalabu Mombasa, Lamu, Arusha au Unguja. Kwa muda wa wiki 8 hivi husomeshwa mambo ambayo darasani kwao yangechukua takriban mwaka mzima. Hulala katika nyumba za wenyeji, hula wanachokula wenyeji, na wengi hutakiwa kuahidi kwamba hawatasema Kiingereza mpaka siku ya kuondoka. Jina la masomo yenyewe ni ya kiangazi, ilhali Unguja wakati huo ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma na mzee wa mtaani hatoki alfajiri bila koti.

Mkenya kupewa darasa la Kiswahili Unguja si jambo dogo. Ni Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ikakieneza shuleni kote Afrika Mashariki. Pale mjini kuna TAKILUKI, taasisi iliyoanza kuwafundisha wageni Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo siku hizi imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mke wangu ni mzaliwa wa Machakos. Alikuwa na shahada zake na miaka 11 ya kufundisha chuoni Nairobi, lakini majuma mawili kabla ya safari nilimkuta jikoni usiku akijisomea kamusi.

Hesabu za nyumbani

Mkataba wake uliandikwa kwa mtu mmoja. Nauli ya mmoja, bima ya mmoja, mshahara, na nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Kuhusu jamaa zake ulikuwa na sentensi moja tu, kwamba wanaweza kukaa naye kwa gharama zao wenyewe.

Tuna watoto wawili. Wakati huo mvulana alikuwa na miaka 10 na msichana miaka 4. Kiangazi cha Wamarekani huangukia katikati ya muhula wetu wa pili, unaoanza karibu na Mei na kumalizika Agosti. Kumtoa mvulana shuleni wiki nane hakukuwezekana. Mamangu akakubali kuja Nairobi kumlea, kwa sharti kwamba asiachiwe wote wawili. Msichana basi angekwenda na mamake, na mamake angeingia darasani kila asubuhi. Nani angebaki na mtoto? Hapo ndipo safari yangu ilipoanzia. Wengi waliotuona tukiondoka walidhani nakwenda kuogelea.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi wa Kenya likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Wiki nane ni siku 40 za kazi. Siku 19 zilizobaki niliomba bila malipo, na mhariri wangu akanipa huku akitikisa kichwa. Maana yake ni kwamba kwa karibu mwezi mzima mume wa nyumba hii hangeleta hata senti. Tulikaa mezani usiku mmoja, watoto wamelala, tukaandika kwenye daftari: kodi ya nyumba ya Nairobi itatoka kwenye mshahara wake wa Unguja, nauli yangu na ya msichana itatoka kwenye akiba yangu ya sacco, na matumizi ya kila siku huko tutachangia. Tuligombana kidogo juu ya kodi. Yeye alitaka kuilipa yote, mimi nikataka nitoe japo robo, na robo hiyo ikaandikwa. Ninaamini mpaka leo kwamba lile daftari lilituokoa na mengi, kwa sababu kinachoharibu safari za namna hii ni mmoja kuanza kuhesabu kimoyomoyo wakati mwenzake amesahau.

Kaka yangu mkubwa alipiga simu kabla hatujaondoka. "Sasa wewe ndiye umeolewa?" akauliza. Nilimwambia ni wiki nane. Akasema hata siku moja ni siku.

Tulipanda basi la Nairobi kwenda Dar es Salaam kupitia Namanga na Arusha, kisha boti ya kuvuka kwenda Unguja, mwendo wa kama saa mbili. Hatukuhitaji viza kwa kuwa sote ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini pasi za kusafiria na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano tulikuwa navyo mkononi. Wakenya wengi hushangaa wakifika bandari ya Malindi, Unguja, kukuta maafisa wa uhamiaji wakikagua pasi tena ilhali walishagongewa muhuri mpakani. Ndivyo ilivyo Zanzibar.

Mume wa Mwalimu

Nyumba yetu ilikuwa ghorofani katika Mji Mkongwe, mtaa wa Kiponda, na mwenye nyumba, mama wa makamo aliyefiwa na mumewe, alikaa chini. Mke wangu alitoka kila siku saa moja na nusu asubuhi. Darasa lilianza saa mbili na kumalizika saa saba mchana. Baada ya hapo palikuwa na mwanafunzi aliyetaka kuelezwa ngeli, mwingine aliyegombana na wenyeji wake kwa kurudi usiku wa manane, na mwingine aliyeibiwa simu. Usiku kulikuwa na madaftari. Wiki ya kwanza nilihesabu saa ambazo mke wangu alikaa nami akiwa macho na bila kalamu nyekundu mkononi. Zilikuwa sita kwa siku saba.

Jambo hili napenda lieleweke kwa yeyote anayepanga kumfuata mwenzake. Huendi likizo pamoja naye. Yeye hayuko likizo. Picha za bahari zilizo kwenye tangazo la chuo ni za bahari anayoiona kupitia dirisha la darasa, na wewe ukitaka kuogelea utaogelea peke yako, au kama mimi, na mtoto wa miaka minne anayeogopa maji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa kikapu. Kila asubuhi mimi na binti yangu tulikwenda soko la Darajani, lililojengwa mwaka wa 1904, nikajifunza upya majina ya vyakula ambavyo nimekula maisha yangu yote. Nyanya huko ni tungule, viazi ni mbatata. Wauzaji walimtazama mtoto kwanza.

"Mamake yuko wapi?"

"Yuko skuli."

"Anasoma?"

"Anasomesha."

"Aa! Basi wewe ndiye mume wa Mwalimu." Na kuanzia siku hiyo hilo likawa jina langu, kutoka Darajani mpaka Malindi. Jina nililobatizwa halikuulizwa na mtu.

Wanafunzi nao walikuwa na lao. Wiki ya pili walifundishwa majina ya ukoo, na jioni yake watatu walikuja nyumbani wakaniamkia "Shikamoo shemeji" kwa pamoja, kama kwaya. Mmoja wao aliwahi kukaa Nairobi kabla. Alimwambia mama mwenye nyumba kwamba mimi nimekuja na bibi yangu. Yule mama aliangaza macho kila upande akimtafuta ajuza, maana kwao bibi ni nyanya au mwanamke wa heshima, wala si mke kama tusemavyo Nairobi. Alipoelezwa alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Alasiri, mtoto akilala, mama huyo alinisaidia kumwangalia nami nikaenda kunywa kahawa Jaws Corner, pale Soko Muhogo wanapokutana wazee kuzungumza siasa na kucheza. Si watu wa kuficha udadisi wao. Mzee mmoja aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia ni mwandishi wa gazeti, lakini kwa sasa ninalea.

"Kwa hiyo umekuja kumshikia mkeo mkoba?"

Nilisema ndiyo. Nilingoja wacheke kama alivyocheka kaka yangu. Hawakucheka. Mzee akaweka kikombe chini akasema yeye ameishi katika nyumba ya mkewe miaka 30 na ushei, na babake vile vile. Nikakumbuka niliyowahi kuyasoma kuhusu miji ya zamani ya Waswahili. Lamu, kwa mfano, familia zenye uwezo zilimpa binti nyumba ya mawe anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwake. Sisi wa bara tunaoona aibu ya mwanamume kulala chini ya paa lililolipiwa na mke tunadhani ni sheria ya dunia nzima. Kumbe ni ya kijijini kwetu.

Usiku wa homa mbili

Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, mkurugenzi wa masomo alikuwa amekwenda Dar es Salaam na mke wangu ndiye aliyeachiwa simu ya dharura. Msichana wetu alianza kuchemka jioni. Kufikia saa nne usiku nilikuwa nimempa dawa ya maji ya homa na ninamkanda kwa kitambaa chenye maji. Simu ikalia. Mwanafunzi mmoja, msichana wa miaka 20 aliyekuwa akikaa na familia ng'ambo ya mji, alikuwa akitapika tangu magharibi na sasa hawezi kusimama.

Mkataba ulikuwa wazi. Mwanafunzi akiugua, mwalimu wa zamu humpeleka hospitali na hukaa naye mpaka daktari aseme vinginevyo. Mke wangu alivaa baibui aliyoazimwa na mama mwenye nyumba, akachukua mkoba, akafika mlangoni, akarudi kumgusa mtoto kipaji. Akaenda tena mlangoni. Akarudi tena. Hakuniuliza kitu, nami sikumsaidia kwa neno. Mara ya tatu alitoka na nikasikia viatu vyake kwenye ngazi.

Saa saba usiku joto la mtoto lilikuwa halijashuka. Mama mwenye nyumba alipanda juu bila kuitwa, akamtazama, akasema twende. Teksi ilitupeleka zahanati iliyokuwa wazi. Walimpima damu, malaria hakuna. Ugonjwa huo umepungua sana Zanzibar lakini bado hupimwa kila mwenye homa. Ilikuwa koo. Daktari akiandika dawa aliniuliza swali la Darajani: mamake yuko wapi? Yule mama mwenye nyumba ndiye aliyejibu. "Yupo kazini," akasema, kwa sauti ambayo haikuacha nafasi ya swali la pili.

Tulikutana na mke wangu saa kumi alfajiri, sisi tukirudi naye akirudi. Mwanafunzi wake alikuwa amekula kitu kibaya, maji mwilini yalikuwa yamepungua, na ametundikiwa dripu. Mke wangu alimchukua mtoto mikononi mwangu akakaa naye kwenye ngazi gizani. Baada ya muda alisema, "Yule msichana alinishika mkono akaniita mama. Kwa Kiswahili."

Nilikuwa na hasira, wala sioni haya kusema hivyo. Akili yangu ilijua kwamba hakuwa na hiari. Mtoto wangu alikuwa na baba karibu na yule wa watu hakuwa na mtu. Lakini hasira haifuati hesabu. Kwa siku mbili tulizungumza mambo ya mkate na maji tu. Jumamosi usiku ndipo aliponiuliza: "Kama usingekuwapo, ningefanyaje?" Tulilizungusha swali hilo mpaka usiku sana. Kama nisingekuwapo, asingemleta mtoto. Kama asingemleta, angekuwa Unguja peke yake akihesabu wiki nane, na mtoto Nairobi akimwuliza nyanyake mama yuko wapi. Au angeikataa kazi, kama wanawake wengi tunaowajua walivyozikataa kazi zao kimyakimya, na sisi waume tukasema alipenda mwenyewe kukaa na watoto. Jibu hatukulipata.

Jumatatu alikwenda kwa mkurugenzi, akataka simu ya dharura igawanywe kwa zamu kati yake na mwalimu mwenzake, mwenyeji wa pale. Alikubaliwa siku hiyo hiyo. Ilikuwa imekaa hivyo miaka yote kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi halina kiti chako

Julai wanafunzi walipelekwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa, kuona Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa kuhesabu jua unaonasibishwa na Nairuzi ya Waajemi. Basi lilikuwa na viti vitupu, nami niliviona kwa macho yangu. Lakini majina yetu hayakuwa katika orodha ya bima, na bima ya chuo haina utu wala ujirani. Mimi na binti yangu tukapanda daladala, tukafika kabla yao.

Wanaume wa Makunduchi siku hiyo hupigana kwa vigogo vya migomba ili kutoa kinyongo cha mwaka mzima, wanawake huimba wakizunguka, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Inaaminika pia kwamba si vizuri kukosa mgeni siku hiyo, na kwa hivyo tulialikwa kula katika nyumba ya watu ambao hatujawahi kuwaona. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa uwanja akiwaeleza wanafunzi mambo, mikono yote miwili hewani. Tangu tuje Unguja sikuwa nimemwona akifundisha. Nilikuwa nikimwona anapotoka na anaporudi, amechoka. Pale alikuwa mtu mwingine, wale vijana wamemzunguka, na wazee wawili wa Makunduchi wamesimama nyuma yao wanasikiliza Kiswahili cha Mkamba bila kumsahihisha. Binti yetu alimwona akakimbia kukata uwanja. Alipotufikia, mke wangu aliutazama mgomba uliovunjika miguuni mwangu akaniuliza kama namtaka kwa pambano. Nikamwambia yetu ya mwaka huu tumeshayamaliza.

Kwa anayefikiria safari kama hii, yapo ya kuuliza mapema. Ruhusa ya mgeni haikupi ruhusa ya kazi, hata kama ni raia wa Afrika Mashariki na hata kama jirani anakuomba umfundishe mwanawe hesabu kwa malipo. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar ina bima ya lazima kwa wageni, kwa hivyo ulizia kabla ya kukata tiketi. Ikiwa mwenzako anapelekwa London au Paris, mkataba wake haukupi viza. Utaomba ya kwako, kwa ada yako na kwa karatasi za benki zako. Na ubadilishe fedha kwa akili: katikati ya 2023 shilingi yetu 1 ilikuwa kama shilingi 17 za Tanzania, jambo lililonifanya nijione tajiri kwa muda wa siku tatu hivi.

Januari 2024 chuo kilimwandikia tena mke wangu. Safari hii, kabla ya kutia sahihi, aliandika barua ya ukurasa mmoja akiomba chumba cha pili cha kulala, majina ya mume na mtoto katika orodha ya basi, zamu ya simu iandikwe ndani ya mkataba, na nauli ya mtu wa pili. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili. Chumba, sawa. Zamu, sawa. Orodha ya basi, sawa, bima tukiilipia wenyewe. Nauli, hapana. Tulitoa lile daftari kwenye kabati, tukafungua ukurasa mpya, na kesho yake nilibisha mlango wa mhariri kuomba siku zangu 21 na nyingine 19.